Mdomo Wangu, Sauti ya Mtu Mwingine

Sijaisahau, mwanangu, jioni ile niliyoona mdomo wangu mwenyewe ukifunguka kwenye televisheni na sauti ya mtu mwingine ikitoka ndani yake. Nilikuwa kijana, sijafika hata miaka thelathini, nimekaa kwenye kochi la mama mwenye nyumba wangu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani, nimevaa shati nililolipiga pasi makusudi kwa ajili ya siku hiyo. Mengi yamenipata tangu hapo. Nimeoa na kuzika mke, nimelea binti na mtoto wa kiume, nimehama bara. Lakini jioni ile ikinijia hata sasa, hapa Lewisville, Texas, nimekaa kibarazani kwa binti yangu nikiangalia magari ya wapangaji yakiingia na kutoka, damu hunichemka kama jambo la jana.

Wazee wengi huanza nasaha kwa kusema hawana kinyongo na mtu. Mimi sisemi hivyo. Kinyongo ninacho, na nimekitunza vizuri. Hasira nyingine ni uchafu, mtu huoga zikatoka. Nyingine ni dawa, hukaa kabatini mpaka mgonjwa atokee. Mwaka huu mgonjwa ametokea, tena ndani ya nyumba yetu, na ndiyo sababu nimekuita ukae. Sogeza kiti. Chai ipo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa karani wa reli, naye alinipeleka Ujerumani nikasomee mitambo ya kupiga chapa, nirudi niwe bwana mkubwa kiwandani. Mchana nilisoma mitambo. Jioni, ili nipate cha kununulia koti la baridi, nilikuwa nikisukuma mapambo ya jukwaani kwenye jumba la maigizo la mji ule: milango ya mbao, miti ya karatasi, viti vya kifalme ambavyo ukivikalia vibaya vinavunjika. Siku moja mwigizaji mmoja aliugua. Kazi yake ilikuwa kuingia na sinia na kusema sentensi moja tu: "Mheshimiwa, wageni wamefika." Hawakuwa na mtu mwingine. Wakanivisha koti lake, lililonibana mabega, wakanisukuma mbele ya watu.

Nikasema ile sentensi. Mazoezi yalipoisha siku iliyofuata, mzee mmoja mwembamba akanifuata huku akimenya tufaa kwa kisu kidogo. "Wewe wa sinia," akaniambia, "nilikuwa nimejificha nyuma kabisa, nikakusikia. Wenzako wamesomea kazi hii na siwasikii."

Huyo ndiye Mzee Ohlbrecht. Jina lake gumu, nami ndiye niliyeanza kumwita Mzee, akanizuia, akauliza maana yake, nilipomweleza akakubali. Alikuwa ameigiza kwenye jukwaa lile tangu mimi sijazaliwa. Mji mzima ulimjua, maana hata kwenye televisheni alikuwa akionekana, leo padri, kesho hakimu, keshokutwa babu mwenye kuficha siri. Kila asubuhi kabla ya mazoezi alinipandisha jukwaani peke yangu, yeye akaenda kukaa safu ya mwisho kabisa, juu, karibu na dari.

"Sema," ananiambia.

Nikipaza sauti, anakasirika. "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Nifikie!"

Mwanangu, kufikia na kupiga kelele ni vitu viwili. Nilijifunza hilo kwa jasho. Nilipokosea mwisho wa neno, maana Kijerumani kina miisho mingi kuliko manyoya ya mkia wa tausi, aligonga kiti kwa pete yake, nami nikarudia. Nikarudia mpaka taya likauma. Mitambo ya chapa niliiacha, baba akaninunia miaka, lakini nikaingia shule ya uigizaji na nikatoka nikiwa na mkataba kwenye jumba lile lile nililokuwa nikisukuma viti vyake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti yangu haikunishukia kama mvua. Niliiunda.

Basi ikaja televisheni. Walikuwa na mchezo wa kila wiki wa wapelelezi, uliopendwa sana, na walitafuta mtu wa kucheza daktari. Daktari wa hospitali, si mwizi, si mkimbizi, si maiti! Kazi yake ni kumweleza mpelelezi jinsi marehemu alivyokufa. Maneno mengi, magumu, ya kitabibu. Mama mwenye nyumba wangu, Frau Lüders, mjane wa nahodha wa meli za mtoni, alinisikiliza nikiyakariri jikoni kwake mpaka yeye mwenyewe akawa anaweza kueleza mtu anavyokufa kwa sumu. Tukaenda, tukapiga picha, mwongozaji akanishika bega, akaniambia nimefanya vizuri sana. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeota mbawa.

Jumapili ya kuonyeshwa, Frau Lüders alioka keki. Alikuja dada yake. Akaja pia rafiki yangu Wanjohi, kijana wa Nyeri aliyekuwa akisomea uhandisi. Tukakaa. Mchezo ukaanza. Mpelelezi akaingia hospitali, akapita ukumbini, akafungua mlango, na mimi hapo! Nimevaa koti jeupe, nimesimama wima kama alivyonifundisha Mzee Ohlbrecht. Frau Lüders akapiga makofi.

Kisha nikafungua mdomo.

Ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu nisiyemjua. Tena haikusema maneno yangu. Ilisema kwa Kijerumani kilichovunjwavunjwa, kama mtu anayeokota maneno barabarani: "Mimi ona mtu huyu. Huyu kunywa mbaya. Huyu kufa." Daktari! Mtu aliyesomea udaktari miaka na miaka!

Frau Lüders akainuka, akaipiga ile televisheni ubavuni kwa kiganja. "Imeharibika," akasema. Akaipiga tena. "Haiwezekani, imeharibika." Wanjohi alikuwa ameanza kucheka, akaona uso wangu, akakata. Dada mtu akatazama sahani yake. Na mimi, mwanangu, nikawa nimekaa pale, naangalia midomo yangu ikicheza kama ya samaki, wakati mwanamume fulani, katika chumba chao cha kurekodia sauti, amelipwa kunifanya mjinga.

Frau Lüders alipogundua kwamba televisheni haikuwa na kosa, alikaa chini polepole. "Huyo si wewe," akaniambia. Keki haikukatwa.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ndipo wengi mnapojikwaa. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimelelewa kwamba mgeni hachomi chaza mtaani akanuka. Wanjohi naye alinipa ushauri wa kirafiki: "Wachana nao, bwana. Si pesa umelipwa? Hawa watu ndivyo walivyo. Leo wamekupa daktari anayeongea vibaya, kesho watakupa anayeongea vizuri." Maneno matamu, na yana busara ya aina yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini nikuulize: akipita kila siku, kombe utalifunika mpaka lini?

Siku zikapita. Jioni moja nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, najipaka rangi usoni tayari kwa mchezo, Mzee Ohlbrecht akaingia bila kubisha hodi.

"Nilikuona Jumapili," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikuona. Sikukusikia."

Nikaendelea kujipaka.

"Umekwenda kuwauliza?"

"Mimi ni mgeni, Mzee wangu. Walinipa nafasi. Nikilalamika watasema sina shukrani."

Sijapata kumwona mtu akikasirika vile bila kupaza sauti. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Shukrani," akasema. "Mtu akikupa kiti, kisha akakukata ulimi, utamshukuru kwa kiti? Mimi asubuhi zote zile nilikuwa nimekaa kule juu kwenye baridi ili iweje? Ili wewe uwe mpole? Upole sikukufundisha, ulikuja nao. Nimekufundisha kufika kwa mtu wa mwisho, na watu wamekufungia mlango njiani, nawe unawaombea dua!" Akafuta midomo kwa leso. "Kesho asubuhi vaa koti. Tunakwenda."

Tukapanda treni. Njiani alikula matufaa tu. Mtayarishaji wa ule mchezo alikuwa mtu mchangamfu, ana meza kubwa na mmea dirishani. Alimkumbatia Mzee Ohlbrecht, maana alikuwa amemwekea kazi ya hakimu katika msimu uliofuata. Akatuagizia kahawa. Nikamuuliza swali langu kwa utaratibu: kwa nini mmeiondoa sauti yangu?

Akacheka kidogo, kama unavyomchekea mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi haudondoki. "Ndugu yangu, ulisema vizuri mno! Hilo ndilo tatizo. Watazamaji hawatasadiki kwamba mtu kama wewe anasema Kijerumani namna hiyo. Watadhani sauti imebandikwa. Ndipo tukaona tubandike nyingine inayofanana na wewe."

Umesikia? Sauti yangu ilionekana ya bandia, na ya bandia ikaonekana yangu. Nimeishi miaka mingi na bado sijapata sentensi ya kifedhuli kuliko hiyo iliyosemwa kwa tabasamu.

Mzee Ohlbrecht akauliza, "Na kesho watazamaji watasadiki vipi, kama leo mmewaziba masikio?"

Yule bwana akaona mambo yanaelekea kubaya, akaanza kunibembeleza. Ana kazi nyingine, akasema, kubwa zaidi, matukio mengi: mwanamume anayeuza dawa za kulevya kituo cha treni. Kijerumani kidogo tu, nacho kivunjike kidogo, na safari hii nitasema mwenyewe. Wakati huo, mwanangu, nilikuwa na viatu jozi moja. Nakwambia ili usidhani ilikuwa rahisi.

Nikasimama. Sikupiga kelele. Nilisema kwa ile sauti ya safu ya mwisho, na nikaona katibu wake kwenye chumba cha pili akiinua kichwa. "Bwana, mlipochukua uso wangu, sauti ilikuwa ndani yake. Mkitaka uso usio na mtu ndani, tafuteni mwanasesere." Nikachukua koti.

Mzee Ohlbrecht akabaki amekaa kidogo, akamalizia kahawa yake, akaweka kikombe. "Na hakimu wangu," akamwambia yule bwana, "mtafutie mtu mwingine. Sauti yangu nayo huenda isifanane na mimi."

Kwa neno lile alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, mzee wa umri ule. Tulipokuwa kwenye treni ya kurudi nilianza kumwomba radhi, akanikatisha. "Nyamaza," akasema. "Hapa ndipo mahali pa kunyamaza."

Usidhani baada ya hapo malaika waliteremka. Televisheni haikunipigia simu miaka mingi. Jukwaani nilirudi kwenye masinia yangu na barua za kupeleka kwa mabwana, misimu na misimu. Mzee Ohlbrecht akawa anagombana na wakuu wa jumba kila walipogawa kazi, mpaka siku moja, nadhani kwa kumchoka tu, wakanipa mfalme. Mfalme kamili, mwenye taji na maneno ya kurasa nyingi. Niliucheza mchezo ule mbele ya ukumbi uliojaa, na Mzee alikuwa kule kule juu karibu na dari, sasa anatembelea fimbo. Asubuhi yake gazeti la mji likaandika aya tatu juu ya rangi ya ngozi yangu chini ya taji. Juu ya usemaji wangu likaandika kidogo: nazungumza Kijerumani vizuri kwa namna ya kushangaza.

Ya kushangaza! Nani alishangaa? Frau Lüders hakushangaa. Muuza mkate wangu hakushangaa. Mtu anashangaa kwa sababu hakusikiliza jana.

Lakini maji hufuata mkondo. Vijana wapya waliingia kwenye televisheni, baadhi yao walikuwa wameletwa na shule zao kumwona yule mfalme walipokuwa watoto. Mmoja wao alinitafuta, akanipa kazi ya mfamasia katika mchezo wa mji mdogo. Mfamasia tu, mwenye duka, mwenye wateja wasumbufu na mke mwenye wivu. Nikaongea kwa sauti yangu. Nilimcheza mfamasia yule mpaka ndevu zangu zikawa nyeupe kwa kweli na si kwa poda.

Kisa kimoja nikwambie, halafu turudi hapa Texas. Nilikuwa sokoni na marehemu mke wangu Annegret, nanunua jibini. Namwambia muuzaji anikatie kipande kidogo zaidi. Pembeni yangu bibi mmoja mwenye fimbo nyeupe, haoni kabisa, akageuka ghafla. "Bwana mfamasia!" akasema. "Ni wewe! Nakusikiliza kila wiki." Akanyoosha mkono hewani, nami nikaushika. Tukaongea hali ya hewa na goti lake linalomuuma. Rangi ya ngozi yangu hakuiuliza, wala sidhani aliwahi kuijua. Mke wangu alilia pale pale mbele ya jibini. Mzee Ohlbrecht alikuwa keshafariki. Nilitamani awepo asikie.

Sasa, mgonjwa niliyekwambia.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu Rehema, anasoma chuo Houston na anaishi kwa mjomba wake Sugar Land. Anasomea uigizaji. Sikumshawishi, damu imejiendea yenyewe. Msimu wa machipuko uliopita alikuja hapa nyumbani akiruka kwa furaha: amepata kazi kwenye mchezo wa televisheni unaopigwa picha Fort Worth. Atacheza mama mkimbizi kutoka Kongo. Mtoto wake ameingizwa chumba cha upasuaji, naye amebaki ukumbini, hakuna anayemweleza kitu. Mama yake akampikia pilau. Mimi nikasema niuone mswada.

Akanipa simu yake. Nikavaa miwani, nikasoma. Kila mtu hospitalini ana maneno yake: daktari ana maneno, mlinzi ana maneno, hata mtu anayepita na maua ana maneno. Kwa yule mama pameandikwa: anapiga kelele kwa Kiafrika.

"Maneno yako yako wapi?" nikamuuliza.

"Oh, hayo wameniachia mimi. Director amesema niseme chochote tu, kitu chochote kinacho-sound sawa."

"Chochote?"

Akacheka. "Babu, it's not that deep. Nita-mix mix tu. Nobody's gonna know."

Nikainuka mezani. Rehema, ambaye ni nesi na anaijua presha yangu kuliko mimi, akasema, "Baba, taratibu." Nikamwambia taratibu imekwisha, niliimaliza Ujerumani.

"Huyo nobody ni nani?" nikamuuliza mtoto. "Mama yako ni nobody? Hapo Fort Worth, hospitali anayofanyia kazi mama yako, wamekaa akina mama wa Kongo kwenye viti vile vile, wanangoja watoto wao vile vile. Wanaangalia televisheni kama watu. Wakiona mwanamke anayefanana nao analia, watasogea kusikiliza. Nawe utawapa nini? Uji wa maneno! Watajua umewakejeli siku ya msiba wao. Watajua!"

Zuhura alikuwa amezoea babu wa peremende. Macho yakamjaa machozi. "Sasa nifanyeje?" akasema kwa Kiswahili safi. Nikakaa, nikamsimulia haya niliyokusimulia wewe, na pilau likapoa.

Kesho yake Rehema akamwita Mama Furaha, mwenzake kazini, mtu wa Bukavu huko Kongo, mke wa mchungaji, mwanamke mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Mimi nilikuwa nimeshamwandalia Zuhura sentensi nzuri, sanifu, karibu ziwe na vina. Mama Furaha akazisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akanigeukia. "Papa, ni mizuri sana. Lakini sisi hatusemake vile. Na mama mwenye kulia hawezi kutoa hotuba." Akamshika Zuhura mikono miwili, akamwonyesha. "Unasema tu: Mutoto wangu iko wapi? Munipeleke fasi iko!" Fasi, kwao, ni mahali. Alisema mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu, na sote tuliona amekwenda mahali anapopajua. Nilizikunja sentensi zangu. Sauti ya Tanga haina haki ya kukaa kinywani mwa mama wa Bukavu, kama vile ile sauti ya kukwaruza haikuwa na haki kinywani mwangu.

Siku ya kupiga picha Zuhura alimweleza mwongozaji kwamba atasema maneno ya kweli. Mwongozaji akasema haina shida, ingawa hakuna atakayeelewa. Zuhura akamjibu, "Wapo watakaoelewa. Wengine wanaishi mtaa wa pili kutoka hapa." Jamaa akainua mabega. Kamera zikawashwa, akasema.

Miezi ikapita, mchezo ukaja kuonyeshwa tulipokuwa Sugar Land kwa mwanangu wa kiume, yule mjomba wa Zuhura, tumekwenda kwa akika ya mjukuu mchanga. Sebule imejaa watu. Zuhura akatokea kwenye kioo, kilemba kimemteleza, anakimbilia mlango uliofungwa. "Mutoto wangu iko wapi? Munipeleke fasi iko!" Wallahi, mwanangu, nilisahau kwamba ni mjukuu wangu.

Na chini, pale wanapoandika kwa maandishi kile kinachosemwa, pakaandikwa: anazungumza Kiafrika.

Nikamtazama Zuhura. Nilidhani atacheka, aniambie si jambo zito. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameikaza. "Kiafrika?" akasema. "Kiafrika ni lugha ya nani? Mama Furaha anaongea Kiafrika? Niliwaambia jina la lugha! Niliwaandikia maana yake, neno kwa neno!" Mjomba wake akaanza kumtuliza, kwamba amshukuru Mungu ameonekana, wangapi wanatamani. Nikamwambia mwanangu amwache. Nilimwambia kwa sauti ya safu ya mwisho, na hata watoto waliokuwa uani wakaja kuchungulia.

Simu ya Zuhura ikalia. Ni Mama Furaha, kutoka Fort Worth. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekusanyika kwake kuangalia. Akasema mmoja wao, ambaye kweli alikaa ukumbi wa hospitali bila mtu wa kumweleza, aliposikia yale maneno alifunika mdomo kwa kitenge, akasema, "Huyu mtoto amenisemea." Zuhura akaketi sakafuni na simu sikioni, akalia. Kisha akafuta uso, akampigia wakala wake wa Dallas pale pale, watu wote tukisikia. Akasema anataka yale maandishi yasahihishwe, na kuanzia sasa hatasaini kazi yoyote kabla hajajua maneno yake yataandikwaje. Wakala akamwonya kwa upole kwamba atapoteza kazi. "Najua," Zuhura akamjibu. "Babu yangu alizipoteza."

Mpaka leo hawajasahihisha. Na Zuhura mpaka leo hajanyamaza. Amepoteza kazi moja, amepata nyingine ndogo ya jukwaani Houston, na akina mama wa Fort Worth wamekodi gari kwenda kumwona.

Basi mwanangu, shika haya. Huenda wewe si mwigizaji. Labda unajibu simu ofisini na wamekwambia ujiite jina jepesi. Labda ni nesi, na mgonjwa anaomba aletewe mtu "anayeongea vizuri", nawe umeongea vizuri. Shukuru kwa kazi, shukrani ni adabu. Lakini shukrani isiwe plasta ya kuziba mdomo. Ukidhulumiwa, nenda ukaulize, tena kwa utulivu, ukiwa umevaa koti lako. Atakayekuambia funika kombe, muulize yeye amefunika mangapi. Lugha ya mtu mwingine ukiitia kinywani, kamuulize mwenyewe kwanza, kama ambavyo ungependa uulizwe wewe. Na ukimwona mdogo wako anazimwa sauti, usimpe pole ukaenda zako. Panda naye treni. Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tumechechemea vya kutosha.

Haya, inuka, umekaa sana na babu mwenye hasira. Mola akupe ulimi mwepesi wa haki na moyo usiochoka kurudia. Akuinulie watu watakaokaa safu ya mwisho kwa ajili yako, kwenye baridi, bila kuombwa. Riziki yako isiwe na masharti ya kukufuta. Na popote utakapofungua mdomo wako, katika nchi hii au nyingine yoyote, utoke wewe. Amina.